Bi Pudensiana Lyamba na Jalada la Kurasa za Wote

Tarehe 30 Juni 1998, Bi Pudensiana Lyamba, karani wa masjala na mpiga chapa wa kituo chetu cha ushauri wa kilimo na mifugo hapa Mpanda, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Amefanya kazi chini ya wakuu tisa, na kila mmoja wao aliwahi kurudishiwa barua kwa kukosa tarehe. Chai yake haina sukari. Ukilalamika anakuonyesha duka lilipo.

Lakini jina lake litakumbukwa zaidi kwa jalada. Septemba 1994 aliweka meza barazani, na juu yake jalada lenye kurasa kumi na nne za mambo yetu ya kila siku: kupanda mahindi, kurina asali bila kuua nyuki, njia za kupitisha ng'ombe. Kila msomaji aliruhusiwa kusahihisha kwa penseli, na kila Ijumaa Bi Pudensiana angepiga chapa upya ukurasa uliorekebishwa. Mkuu wa wakati ule alikubali kwa shingo upande. Kama hadi mwisho wa Novemba hakuna aliyeandika kitu, meza ingerudi stoo.

Miezi miwili ikapita bila alama hata moja. Watu walisoma wakiwa wamevua kofia, wakashukuru, wakaondoka. Bi Pudensiana alianza kukosa raha, na sisi wenzake, tuseme kweli, tulianza kumcheka.

Katikati ya Novemba alikuja Mzee Mwandu, mfugaji wa Litapunga. Alisoma ukurasa wa njia za ng'ombe taratibu, kisha akamwita Bi Pudensiana pembeni. "Mama, hii njia siyo. Huko wameshafungua majaruba ya mpunga. Ila hapa pana muhuri, sasa mimi naanzaje kufuta neno la serikali?"

Kumbe kwa mazoea ya miaka yote, Bi Pudensiana alikuwa amegonga muhuri wa ofisi kwenye kila ukurasa. Alijicheka mwenyewe mpaka akakaa chini. Siku tatu zilizofuata alipiga chapa kurasa zote upya, akafungia muhuri kabatini, akamwita mzee tena na kumwonyesha namna ya kuanza: usifute, piga mstari mmoja ili la zamani lisomeke, andika lako juu yake, kisha jina na tarehe.

Mzee Mwandu alipiga mstari juu ya sentensi mbili za afisa mifugo. Afisa huyo ni Venant, ndiye anayeandika wasifu huu, na aliumia. Kesho yake aliyarudisha maneno yake. Mzee akayakata tena. Bi Pudensiana hakumtetea yeyote. Aliwaambia wote wawili wachukue baiskeli, waende wakatazame. Venant aliikuta njia yake ikipita katikati ya jaruba la Mama Imakulata, mkulima wa Kipimbwe, naye alimweleza mambo ambayo hayafai kuchapwa hapa. Alirudi na matope magotini, akayakata maneno yake kwa mkono wake mwenyewe.

Habari kwamba hata afisa anasahihishwa ilifika Magamba na Ugalla upesi kuliko barua zetu. Novemba ilipokwisha, kurasa tisa zilikuwa na penseli, na mkuu mwenyewe alikuwa ameandika kwenye mbili. Leo jalada lina kurasa mia moja na sita.

Hata hivyo, tangu alipotangaza kustaafu tumekuwa na hofu. Kila Ijumaa kwa miaka hii yote mashine ilikuwa mbele yake, na tulidhani siku akitoka jalada nalo litatoka naye. Ijumaa iliyopita alifika asubuhi na kukuta kurasa zote za wiki zimeshapigwa chapa. Kila mmoja wetu alikuwa amechukua mbili tatu na kuzipiga kwa vidole viwili, bila kuambiwa. Alikaa akazisoma hadi mchana. Alipata kosa moja, la Venant bila shaka, akapiga mstari, akaandika jina lake na tarehe, akaenda zake nyumbani mapema kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu.

Bi Pudensiana, asante sana. Tunakuombea afya njema, wajukuu wasumbufu kiasi, na asubuhi nyingi zisizo na haraka. Ijumaa hii tutapiga chapa wenyewe.