Mtoto Anayepungua Kila Akipimwa

Ukifika Kizota ukauliza kijiwe cha Toa Kumi, hata mbuzi wa mtaa watakuonyesha kwa pembe. Ni benchi moja refu la chuma mbele ya karakana ya kuchomelea ya fundi Mudrick, ambaye watu wote humwita Milimita. Jina la kijiwe limetokana na futi yake ya kuvuta, ambayo kichwa chake kilikatika mwaka juzi ikabaki inaanzia sentimita ya kumi. Fundi hataki kununua nyingine. Anasema ameshaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Kila akipima dirisha, benchi zima huitikia: “Toa kumi!” Siku wakisahau kuitikia, mwenye dirisha hurudi Jumatatu amenuna. Upande mmoja wa benchi hukaa Mzee Bashiri wa Kondoa na birika lake la kahawa na sahani ya kashata. Upande wa pili Loisi, mama wa miaka ishirini na minne, hukaanga maandazi huku akisikiliza maneno ya wanaume, na mengi huyaacha yaende na upepo.

Jumamosi ile hakuacha hata moja liende, maana lililozungumzwa lilikuwa lake. Watu wa bembea walikuwa wameweka mitambo yao uwanjani kwa wiki mbili, na mtambo mkubwa kuliko yote uliitwa Joka: mabehewa kumi yenye kichwa cha nyoka mbele, yanapanda relini polepole kama mgonjwa, kisha yanashuka kama mwizi. Kefa wa bodaboda, anayeitwa Rubani, aliwabebea wale watu vipuri vyao, wakampa tiketi mbili za Joka, moja ya mtoto na moja ya mkubwa wa kukaa naye. Rubani hakuziuza. Jana yake alizileta kijiweni na kumpa Hana, binti wa Loisi, mbele ya watu wote, na benchi lote likapiga makofi. Tiketi zilikuwa zinaisha leo saa sita mchana. Sasa ilikuwa saa nne.

Loisi hakuwa amelala vizuri. Baba Hana alikuwa mashambani Bahi, kwenye mpunga, na kwenye simu alisema neno moja tu: “Amua wewe.” Loisi mwenyewe hata ngazi ya kuanikia nguo humtetemesha miguu. Ndiyo sababu alikuwa anajiuliza tangu alfajiri: hofu hii ni ya mtoto, au ni yangu ninayotaka kumvisha mtoto, kama ninavyomvisha magauni makubwa ili akue nayo? Hana alikuwa amesimama pembeni yake, bado miezi miwili atimize miaka sita, ndani ya gauni la kitenge lililofika kwenye vifundo vya miguu. Kashata aliyopewa na Mzee Bashiri alikuwa ameishika tu.

— Shemeji, unachelewa, alianza Rubani. Lile Joka nimelitazama. Ni kama kupita matuta ya barabara ya Chemba, tena Joka halina vumbi.

— Wewe umelipanda? aliuliza Milimita.

— Kuna haja? Mimi kila siku niko juu ya mtambo.

— Nauliza kwa sababu unasema kama mtu aliyeshuka sasa hivi.

Mzee Gideoni alikohoa. Huyu ndiye Kamati. Aliwahi kuwa katibu wa kamati ya kisima, kisima kikakauka, yeye akabaki na ukatibu.

— Jambo la mtoto haliamuliwi hivi hivi, alisema. Linahitaji vigezo. Kigezo cha kwanza, umri. Kigezo cha pili, tumbo. Amekula nini?

— Uji na andazi, alijibu Loisi.

— Andazi ni jepesi. Litapanda. Mtoto wa kwenda juu anapaswa kula ugali wa uwele, ukae chini kama nanga.

— Mzee Kamati, huko juu anaenda kupanda bembea au kuvua samaki?

— Cheka, Rubani, cheka. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akizoea Joka na miaka mitano, akiwa mkubwa hata mkwe hatamwogopa.

Mzee Bashiri alimimina kahawa, akamsogezea Kamati kikombe ili kimzibe mdomo kidogo.

— Mama Hana, alisema kwa upole, wao wenyewe wameandika nini pale mlangoni?

Loisi alikuwa anakijua kile kibao kwa moyo. Alikuwa amekisoma Alhamisi, mara tatu, huku amemshika Hana mkono.

— Wameandika mtoto asipungue sentimita mia moja na kumi.

Benchi zima liligeuka kumtazama Milimita. Fundi alijinyoosha taratibu kama mtu aliyeitwa kuhutubia.

— Sasa mnaona, alisema. Mmepoteza kahawa bure. Hii ni kazi ya futi.

Walimsimamisha Hana kwenye fremu ya mlango iliyokuwa inasubiri mwenyewe aje kuichukua. Kamati alifuta vumbi la chuma kwa kofia yake ili lisimchafue mtoto mgongoni. Milimita alichuchumaa, akavuta futi, na Loisi aliona kitu ambacho wengine hawakukiona: ule mwisho uliokatika ulikuwa mkali, na fundi aliufunika kwa kidole gumba chake mwenyewe usimguse mtoto kisigino. Loisi aligeuza maandazi yake.

— Mia moja na kumi na tisa! alitangaza Milimita akichora mstari wa chaki.

— Amepita! Rubani alirusha helmeti juu akaidaka. Shemeji, funga jiko!

— Toa kumi, alisema Mzee Bashiri.

Rubani alishusha helmeti.

— Mia moja na tisa, alisema Milimita kwa sauti ndogo.

— Imepungua moja, alisema Kamati. Moja tu! Hiyo ni nywele. Msukeni vifundo vya juu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Nywele hazihesabiwi, mzee, alisema Loisi. Mlinzi wa pale anaweka ubao kichwani, anakandamiza.

— Basi pima tena. Mara ya kwanza mtoto huwa na haya.

Milimita alipima tena. Alichora mstari wa pili, akautazama, akafuta jasho usoni pake badala ya kuufuta mstari.

— Toa kumi… mia moja na saba.

— Mia na ngapi?

— Saba.

— Milimita, mtoto anapungua! Rubani alisimama. Oya, unampima au unamkata?

— Futi haidanganyi. Inakosa kichwa tu, haikosi akili.

— Ni jua, alisema Kamati kwa uhakika. Futi ni chuma. Chuma cha Dodoma kikikaa juani kinarefuka, na futi ikirefuka kila kitu kinaonekana kifupi. Ndiyo maana wahenga wakasema mchumia juani hulia kivulini. Ihamishieni kivulini.

— Hapana, mzee, si jua. Ni kahawa! Rubani alinyoosha kidole kwenye birika. Mtoto anavuta harufu ya kahawa hapa tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Kahawa inadumaza. Mtazameni Mzee Bashiri.

— Mimi ni mfupi kwa ukoo, alijibu Mzee Bashiri. Na wewe una deni la heshima.

— Samahani, mzee wangu.

— Isitoshe, aliongeza Kamati, mtu hupungua kadiri siku inavyokwenda. Asubuhi mrefu, jioni mfupi. Uzito wa dunia. Watu wa Dodoma tunapungua zaidi kwa sababu tuko katikati ya nchi. Uzito wote unakuja kukaa hapa.

— Kwa hiyo akienda Dar es Salaam atarefuka?

— Pwani hakuna uzito. Mmeona mnazi mfupi?

Hapo hata Loisi alicheka, akaficha uso kwa upande wa khanga. Kisha akamtazama mwanawe, na kicheko kikamwisha. Hana hakuwa anacheka. Alikuwa amebana mgongo kwenye fremu na macho ameyaelekeza kwa Rubani.

— Mara ya tatu ndiyo ya kamati, aliamuru Gideoni. Pima.

Milimita alipima kivulini. Mstari wa tatu ulikaa chini ya mistari miwili.

— Mia moja na tano, alisema, na safari hii alishatoa kumi mwenyewe bila kukumbushwa. Mimi naacha. Tukiendelea mpaka saa sita mtoto atakuwa amezaliwa jana.

— Basi hapo ni dalili, alisema Rubani, sauti imeshuka. Labda shemeji usimame chini, mtoto apande na mtu mwingine. Aliye juu mngoje chini.

— Na urefu atautoa wapi? aliuliza Milimita.

— Tutamwekea soli. Una mpira wa tairi, fundi?

Walipokuwa wanabishana kuhusu tairi, ya pikipiki au ya trekta, aliingia mama mmoja mzee amebeba kiti cha chuma kichwani. Aliitwa Emiliana. Alitoka Bahi na gari la asubuhi, mguu mmoja wa kiti chake ukiwa umeachia.

— Hodi jamani.

— Karibu, bibi. Shikamoo, walisema wote.

— Marahaba. Nani fundi?

— Mimi, bibi. Subiri kidogo, tuna kesi. Mtoto huyu anapungua kila akipimwa.

Emiliana alishusha kiti, na kwa kuwa kilikuwa na miguu mitatu, hakukikalia. Alikaa kwenye tofali, chini kabisa, macho yake yakiwa sawa na gauni la Hana. Alilitazama gauni lile kwa muda. Mbele lilikuwa limechomoza mahali pawili, kama mtu aliyeficha machungwa.

— Na mbona amekunja magoti? aliuliza.

Kamati alifungua mdomo, akatafuta kigezo, akakosa. Milimita aliitazama mistari yake mitatu ya chaki. Ni Rubani aliyenong'ona mwishowe:

— Samaki amejikunja mwenyewe.

Loisi alitoa sufuria motoni. Alipiga magoti mbele ya Hana, akamfuta mkono uliokuwa unanata kashata.

— Mama, hutaki kupanda Joka?

Hana aliinamisha kichwa.

— Alhamisi nilitaka. Tulipokuwa mbali.

— Halafu?

— Halafu tukasogea. Lilipokuwa linashuka, wote wakaita mama. Hata baba mmoja mwenye ndevu aliita mama. Sasa na mimi mama yangu utakuwa humo humo ndani. Nikiita, nani atakuja?

Mzee Bashiri aliacha kumimina.

— Kwa nini hukusema?

— Anko Rubani alifurahi sana.

Rubani aligeukia pikipiki yake akaanza kufuta kioo cha pembeni, kioo ambacho alikuwa ameshakifuta asubuhi. Alikifuta mpaka kikalia.

— Shemeji, alisema Loisi, tunakushukuru sana. Ila mwaka huu hatuendi.

— Aah, shemeji, hakuna neno. Alirudi, akachuchumaa mbele ya Hana. We mtoto, siku nyingine niambie. Hata mimi nikinuna nanuna kidogo tu, halafu yanaisha.

— Kweli?

— Muulize mama yako. Jana nilinunia andazi, nikalila.

Hana alicheka. Kisha akajisogeza mwenyewe kwenye fremu, akanyoosha magoti, kidevu juu.

— Fundi, nipime sasa.

Milimita alivuta futi, kidole gumba kikarudi mahali pake. Alipima mara mbili kabla ya kusema.

— Mia moja ishirini na moja.

— Toa kumi! liliitikia benchi zima, na sauti ya Loisi ikiwemo.

— Mia moja na kumi na moja! Anafika!

— Anaruhusiwa! Kamati alisimama. Nilisema ni jua!

— Anafika na haendi, alisema Emiliana. Sasa kiti changu?

Milimita alikichukua kiti kwa aibu. Saa ilikuwa tano na ushee, na zile tiketi mbili zilikuwa juu ya sahani ya kashata, zikipeperuka kidogo kwa upepo. Emiliana aliziangalia.

— Hizo ndizo za huyo mnyama?

— Ndizo, bibi. Zinaisha saa sita.

— Mkubwa naye anapimwa?

— Hapimwi, bibi.

Emiliana alifunga kilemba chake upya, akakikaza kwa nguvu, akanyakua tiketi ya mkubwa na kuitia kifuani. Ile ya pili akainyanyua juu, watu wote waione.

— Nipeni mtu wa kunisindikiza. Kama ya mtoto haimfai mkubwa, nitamwongezea hela mimi. Nani?

Kamati alikumbuka goti lake. Milimita alishusha miwani ya kuchomelea akawa hasikii. Rubani, ambaye Joka kwake lilikuwa tuta la barabara ya Chemba, alisema pikipiki haiwezi kuachwa peke yake, siku hizi dunia imeharibika.

— Bibi, alisema Hana, mimi na mama tutakaa chini pale kwenye uzio. Ukiita mama, mimi nitaitika.

Emiliana alimtazama, akamshika kichwa kwa kiganja kizima.

— Haya. Wa kuniitikia nimeshampata. Na hii nyingine ni ya nani?

Wanaume wote watatu walinyoosha vikombe kwa Mzee Bashiri kwa pamoja. Mzee aliinua birika, akalitikisa masikioni mwao mmoja baada ya mwingine, akalipindua. Lilitoa machicha tu.