Hina Kwenye Kucha za Sabiha

Ndugu, jamaa na majirani wa Mabawa, tunayemsindikiza leo ni Sabiha binti Ayubu Sadalla. Alizaliwa Pangani tarehe 14 Machi 2013, moyo wake una tundu na kucha zake ni za bluu. Daktari alimwagiza mama yake, Zuleha, azitazame kila siku. Rangi ikizidi kukoza, mtoto akimbizwe hospitali.

Tangu hapo Zuleha hakuujua usingizi. Alijilaza mkono uko kifuani kwa mwanawe. Watu wakamwambia, "Jikaze mama, ndiyo uzazi." Akajikaza, maskini, mpaka chakula kikamshinda.

Mwaka 2020 Sabiha alianza shule ya msingi hapa Mabawa. Wenzake wakambandika jina: Kucha za Maiti. Ya Rabi, watoto wana maneno! Akagoma kutoka, akawa analilia uvunguni. Ndipo mama yake akampaka hina, na mwalimu wake, Praxeda, akaifumbia macho sheria ya shule inayokataza hina. Siku ile alirudi anacheka, mikono kaiinua juu kama bibi harusi. Kazi hakuifikia, ndoa hakuifikia. Harusi yake ilikuwa hiyo.

Kila hina ilipofutika, Zuleha alizikagua kucha kwanza ndipo akapaka tena. Mwaka huu Sabiha hakuiacha ififie. "Mama, nipake, imepauka." Zuleha alifurahi, akidhani binti anapenda kujipamba. Kumbe mama alikuwa anafichwa kucha zilizozidi kukoza. Juzi Sabiha alipozidiwa alimnong'oneza mama yake mkubwa, Khadija: "Mama akiziona halali. Mimi nilitaka alale."

Alifariki jana jioni, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, akisubiri kupelekwa Dar es Salaam kupasuliwa. Wanawake waliomwosha wamekuta hina bado mpya. Zuleha naye hana neno jingine ila, "Nimemuua kwa mkono wangu." Hukumuua, Zuleha. Wallahi hukumuua.

Ameacha baba yake, Ayubu. Mdogo wake, Sabiri. Mama yake mkubwa, Khadija. Na mama yake, Zuleha. Tafadhalini, asitokee mtu wa kumwambia ajikaze. Amejikaza vya kutosha, na sasa tunamhofia yeye. Kaeni naye, asiachwe peke yake hata uani.

Lala, Sabiha, Mola akupokee kwa upole. Mama yako bado hajalala.