Ndege Nne Juu ya Bwera

Kijiwe chetu kiko Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, pale barabara ya Mpondwe inapokutana na njia inayopanda Kyondo. Ni benchi moja la mbao na tairi la lori lililolazwa chini kwa wanaochelewa. Rahmah anauza kahawa ya tangawizi, na mimi nashona viatu pembeni yake, ndiyo maana wananiita Soli. Wateja wa kila siku ni watatu. Wa kwanza ni Byamukama, ambaye sisi tunamwita Sajenti. Alistaafu jeshini, na huko aliendesha lori la maji, ingawa ukimsikiliza utadhani aliendesha vita. Wa pili ni Sulaiti, tunayemwita Forodha, kwa sababu anapitisha mizigo ya watu mpakani na alikulia ng'ambo, Kasindi ya Kongo, na Kiswahili chake ni cha huko. Wa tatu ni Swalik wa bodaboda. Wiki ile kikosi cha jeshi cha ndege za maonyesho kilikuwa kinafanya mazoezi, maana Jumamosi ingekuwa sherehe kubwa kwenye uwanja wa ndege wa Kasese. Ndege zilikuwa nne, ndogo, nyeupe. Zilikuja zimebanana kama vidole, zikageuka juu yetu karibu na mpaka, zikalala kichwa chini, kisha zikarudi Kasese zikiacha moshi wa rangi. Ijumaa asubuhi hakuna mtu kijiweni aliyekuwa na habari nyingine.

— Mimi nauliza kitu moja tu, alisema Forodha. Ile ndege ikigeuka, mukia inaingia Kongo. Nani amegonga muhuri?

— Inaingia kidogo tu, alisema Swalik.

— Kidogo ni kuingia. Mutu akipitisha mutungi moja ya mafuta pale mpakani, banamukamata. Hawa beko na tenki muzima. Inatoka Uganda, inakanyaga Kongo, inarudi Uganda. Kwa sheria, hiyo sasa ni mali kutoka nje.

— Inakanyaga wapi? Iko hewani.

— Hewa ya nani?

Swalik alimpa Rahmah kikombe chake aongezewe.

— Nyinyi mnaangalia ndege, alisema. Mimi naangalia moshi. Ile moshi ni dawa ya kahawa. Shangazi yangu iko Bwesumbu. Miti yake ilikuwa inakauka. Jumatano hawa wamepita, Alhamisi majani imesimama.

— Si mvua ilinyesha Jumatano usiku? aliuliza Rahmah.

— Mvua ilikuwa inaosha dawa iingie chini.

— Na ile moshi nyekundu?

— Nyekundu ni ya kahawa. Ya njano ni ya ndizi.

— Na nyeusi?

Swalik alifikiri.

— Nyeusi ni ya serikali.

Muda wote huo Sajenti alikuwa anangoja aombwe maoni yake, na sisi tulijua. Hakuna aliyemwomba. Mwishowe akakohoa.

— Raia, sikilizeni. Kwa nini rubani analala kichwa chini?

— Kwa nini, afande?

— Damu. Damu inashuka kwa kichwa. Mtu akiwa na damu mingi kwa kichwa anafikiria haraka. Sisi kule kambini, kamanda alikuwa na kiti maalumu.

— Cha kulala kichwa chini?

— Siwezi kusema zaidi. Hiyo ni siri ya jeshi.

— Basi popo ndiyo profesa, alisema Rahmah, akamimina.

Wakati huo akashuka mama mmoja kutoka njia ya Kyondo. Alivaa kitenge cha bluu na sweta ya shule ya mtoto wa mtu, na kandambili moja aliishika mkononi. Alikuja moja kwa moja kwangu. Mkanda ulikuwa umekatika kwenye mteremko. Nikamwambia akae, akasukumana na Forodha kwenye benchi, mguu mmoja mtupu juu ya mwingine. Jina lake aliniambia ni Edisa. Rahmah akampa kahawa, naye akasema wasingya, yaani asante kwa Lhukonzo, lugha ya mlimani, akaishika kwa mikono miwili bila kunywa.

— Wanaume wangu, akasema. Ni hapa ndege zinageukia?

— Hapa hapa, mama, alisema Swalik. Zinakuja saa yoyote.

— Mutoto wangu iko ndani.

Tukamgeukia wote.

— Ndani ya nini? aliuliza Forodha.

— Ya ndege. Binti yangu Kabugho. Ameniambia kwa simu, Mama, Ijumaa shuka Bwera uangalie juu, tutapita. Halafu laini ikakatika. Sasa mimi nauliza, ziko nne. Yeye ni ipi?

Hilo swali lilikuwa jepesi sana, na kwa sababu hiyo kila mtu alilijibu.

— Ya mbele, alisema Sajenti. Mtoto wa mlimani ana kifua. Kule juu hewa ni kidogo. Lazima wamweke mbele.

— Ya mbele ni mukubwa wao, alisema Forodha. Binti iko ya kando, upande wa Kongo. Anajua njia.

— Ya nyuma, alisema Swalik. Mimi nikiendesha na wenzangu, yule mwenye akili anakaa nyuma. Anaona makosa ya wote.

— Wamevaa nguo gani? aliuliza Edisa.

— Sare.

— Zote sawa?

— Zote sawa, mama. Na kofia kubwa ya kufunika uso.

Edisa alitikisa kichwa polepole. Kisha akaanza kuzungumza, si na sisi hasa. Alisema wakati wa vita vya waasi mlimani, Kabugho alikuwa wa kubebwa mgongoni. Helikopta za jeshi zilikuwa zinapita kutafuta waasi, lakini ukiwa chini huwezi kujua inamtafuta nani. Akisikia mlio tu, aliingia kwenye migomba, akamlaza mtoto chini, akamfunika majani, na yeye akalala juu ya majani. Mtoto alikuwa analia. Siku moja aliacha kulia. Alifungua jani moja, akatoa jicho, akaangalia juu mpaka helikopta ikapotea.

— Nikampiga, alisema Edisa. Nilikuwa naogopa sana. Nikampiga kwa sababu ameangalia. Alipokwenda jeshi hakuniambia. Nilikaa mavuno mawili bila kupokea simu yake. Sasa mwaka huu nikapokea.

Sajenti alivua kofia yake akaikung'uta, ingawa haikuwa na vumbi. Mimi nilikuwa nimeshapitisha sindano kwenye mkanda, nikaisahau humo.

Ndipo tukasikia mlio kutoka upande wa Kasese.

— Hawa hapa, alisema Swalik.

Watu wakatoka madukani. Zikaja nne zimebanana, chini zaidi kuliko siku zote, na juu ya soko zikafungua moshi. Edisa alisimama na mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Zikapanda wima, zikachanua kama ua, kila moja upande wake, halafu zikarudi kukutana, na watu wakapiga kelele. Zikalala kichwa chini. Forodha alisimama kwenye benchi kuangalia mpaka.

— Ya mbele, mama, alisema Sajenti. Mwangalie, anatulia.

— Ya nyuma, alisema Swalik.

Edisa alikuwa anageuza kichwa kutoka moja hadi nyingine kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye geti la shule.

Zilipogeuka kurudi, moja ya kando ilishtuka. Sijui neno lingine. Ilishtuka kama mtu aliyekanyaga mwiba. Moshi wake wa rangi ukakatika, ikashuka, pua ikatazama upande, ikaacha wenzake na kwenda yenyewe, chini sana, nyuma ya kilima. Tulingoja itokee upande wa pili. Haikutokea. Zile tatu zikazunguka mara moja juu yetu bila moshi, kisha zikaifuata, na mlio ukaisha.

Mtu mmoja dukani alikuwa bado anapiga makofi. Mwenzake akamshika mkono.

— Hiyo pia ni maonyesho, alisema Swalik. Wanafanya hivyo. Moja inajificha.

Watu waliendelea kutazama kile kilima.

— Ni ipi ile? aliuliza Edisa.

Safari hii hakuna aliyejibu. Sajenti, aliyekuwa ameshikilia kwamba binti yuko mbele, hakusema hata kwamba ya mbele haikuwa na tatizo. Forodha alishuka kwenye benchi, akamketisha mama, akachuchumaa mbele yake.

— Hakuna moshi nyeusi kule, mama. Angalia. Kama ingeanguka, tungeona moshi.

Ni jambo pekee la maana alilosema siku ile, na alilisema akiwa amegeuza uso. Edisa alitoa simu kwenye sweta, akapiga. Haikuwa inapatikana. Akapiga tena. Rahmah alikaa karibu naye, akamshika kiwiko, na birika likachemka peke yake.

Baada ya robo saa Sajenti alikwenda kusimama chini ya paa la duka la mbolea, akatoa simu yake. Alikuwa anamtafuta Atim, askari wa kike waliyekaa naye kambi moja zamani, ambaye sasa yuko zamu getini uwanjani Kasese. Tuliona mgongo wake unanyooka.

— Atim! Byamukama hapa. Wa lori la maji. Ndiyo, yule. Sikiliza, ndege zimerudi ngapi? ... Hesabu. Toka nje uhesabu, mimi nangoja.

Alingoja. Sisi tulingoja. Pikipiki ilipita, Swalik akamwonyesha mwenzake kwa mkono azime injini, na akazima.

— Nne? alisema Sajenti. Una uhakika? Zimesimama chini? Watu wametoka?

Akarudi anatembea kwa haraka ya mzee, simu imeshikwa mbali na sikio kama sahani ya moto.

— Zote nne ziko chini. Moja imegonga kaloli.

— Kaloli? alisema Rahmah. Yule korongo wa jalalani?

— Yule yule. Amepasua kioo cha mbele. Rubani ameileta chini na kioo imepasuka, haoni vizuri. Ni mzima. Mkono umekatwa kidogo na vioo.

— Rubani nani? aliuliza Edisa.

Sajenti akaweka simu sikioni.

— Atim, rubani nani? ... Mwanamke au mwanaume? ... Si unaweza kuangalia? ... Atim, hapa kuna mama yake.

Akabonyeza sauti kubwa. Tulisikia upepo wa uwanjani, viatu vya jeshi vikitembea kwenye changarawe, sauti ya mwanaume ikisema wewe unakwenda wapi, na Atim akimjibu kwa Kiacholi neno ambalo Sajenti alikataa kututafsiria. Kisha Sajenti akaweka simu kwenye benchi katikati ya vikombe.

— Hallo? ilisema simu. Ilikuwa sauti ya msichana, imekauka.

Edisa aliinama mpaka mdomo ukakaribia kugusa simu. Walisema Lhukonzo kwanza, haraka, na hatukusikia zaidi ya jina. Kisha mama akarudi kwenye Kiswahili, nadhani ili nasi tusikie, maana tulikuwa tumemzunguka kama wagonjwa dirishani pa dawa.

— Uko chini?

— Niko chini, Mama.

— Ile imegonga ilikuwa nani?

— Ilikuwa mimi.

Rahmah aliweka mkono mdomoni.

— Mkono gani?

— Wa kushoto. Ni kidogo. Wameufunga.

— Uliogopa?

— Nilipofika chini ndiyo niliogopa. Juu hakukuwa na nafasi. Kioo ilikuwa nyeupe yote, nikasogeza kichwa pembeni nikaangalia kwa pale palipobaki.

Edisa alifunga macho. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, pande zote mbili, taratibu, kama mtu anayenawa.

— Uliangalia vizuri, akasema.

Upande wa pili tukasikia mtu mzima, luteni wa jeshi, anavuta kamasi.

— Kabugho.

— Mama.

— Kesho utaruka tena?

Nilimtazama Sajenti, aliyekuwa na majibu yote ya anga tangu asubuhi. Alikuwa anatazama vifungo vya shati lake. Swalik alitazama barabara.

— Sijui, Mama. Wakisema ruka, nitaruka.

— Na wewe unataka?

— Nataka.

— Bado hawajasema?

— Bado.

— Haya, alisema Edisa. Kula kitu.

Akaisukuma simu kwa Sajenti kwa kidole kimoja. Nilimpa kandambili yake. Mshono ulikuwa mbaya, nilikuwa nimeshona bila kuangalia. Akaivaa hivyo hivyo.

— Kasese watu wanaingia uwanjani saa ngapi? akauliza.

Swalik akasema atampeleka, kesho alfajiri, hakuna cha kulipa. Forodha akasema huwezi kumpeleka mama peke yake kwenye sherehe ya serikali, anahitaji mtu anayejua makaratasi. Sajenti akasema bila yeye hakuna atakayepita getini. Rahmah aliinamisha birika, likatoa majimaji meusi na vipande vya tangawizi. Akasema kahawa imekwisha, na kesho Bwera hakuna kahawa, anayetaka aifuate Kasese.

Kwa hiyo Jumamosi benchi lilikuwa tupu, na sisi tulikuwa tumesukumwa kwenye uzio wa uwanja pamoja na nusu ya wilaya. Mwanamuziki mmoja aliimba mpaka tukachoka. Kisha marubani wakatoka kwenye hema wakitembea kwa mstari, kofia kwapani, nao walikuwa wanne. Mmoja alikuwa na bandeji nyeupe mkono wa kushoto. Forodha alianza kunyoosha kidole kuonyesha watu, Sajenti akakishusha.

Edisa hakuita. Alikaza kitenge kiunoni, akapenya katikati ya watu wawili warefu, akasonga mbele mpaka waya wa uzio ukamzuia kifuani, akasimama hapo akimwangalia yule wa bandeji.