Kibao Namba Moja

Ndugu waombolezaji, anayesimama mbele yenu kusoma ni mdogo wake marehemu, ndugu yake wa toka nitoke, na ninyi mliopewa nakala iliyochapwa pale mlangoni mtaweza kumfuata vizuri ukurasa wa kwanza, ila mkifika ukurasa wa pili mtamsikia akisema lisiloandikwa, naye anaomba asikatishwe, maana akikatishwa hataweza kuanza tena.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 6 Agosti 1973, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi wa pampu na mshonaji wa sare za shule, akalelewa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, na mama yetu, ambaye yupo hapa, anasimulia kwamba tangu akiwa na miaka sita hakulala kabla ya kuhesabu viatu mlangoni, jozi nne, na ikipungua moja alikaa macho mpaka mwenye nayo arudi, hata baba akawa anataniwa na majirani kuwa ameajiri mlinzi asiyedai mshahara. Ni yeye aliyemfundisha mdogo wake kuogelea, ndani ya birika kubwa la maji la kujaribia pampu, akimshika kidevu kwa viganja viwili na kumwambia, "Pumua kwanza, woga utajiondokea wenyewe," na mkono ule haukumwachia hata mara moja bila kumwambia kwamba sasa unamwachia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1981 hadi 1987, na sekondari kuanzia 1988 hadi 1991, ambako hakuwa wa kwanza darasani, alikuwa wa saba au wa tisa, lakini hakuna mtihani alioingia bila kalamu mbili, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1992 na kuhitimu tarehe 25 Novemba 1994 akiwa na cheti cha mitambo ya gesi. Tarehe 1 Aprili 1996 aliajiriwa katika hospitali ya mkoa kuwa fundi wa mitungi ya oksijeni, kazi aliyoifanya miaka ishirini na nane na miezi kumi na moja, na kila mtungi uliopita mikononi mwake ulitoka na karatasi yenye tarehe, saa na sahihi yake, iliyoandikwa kwa herufi zilizosomeka, jambo ambalo madaktari wenyewe walikiri kuwa limewashinda.

Jumamosi, tarehe 14 Disemba 2002, alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya chekechea, shemeji yetu mpendwa, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2005 na mvulana aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2009, na nyumba yao ilikuwa ya kicheko, kwa sababu baba wa nyumba alikuwa na mambo yake, akikagua mtungi wa jikoni kabla ya kulala kama polisi anayekagua leseni, na akiacha chai kidogo kikombeni kila asubuhi kwa madai kwamba huwezi kujua ni nani atakayeingia.

Tabia hiyo ya chai aliitoa kwenye klabu ya kupiga mbizi, aliyojiunga nayo tarehe 17 Mei 2008, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa katibu wa safari, cheo ambacho wengine walikikimbia kwa kuwa kazi yake ni kuwaambia watu wazima hapana. Kila mwanachama mpya alimfundisha kugawa hewa ya mtungi wake mara tatu, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya mwenzako atakayeishiwa, wakambandika jina la Theluthi, naye akalipokea. Siku moja kabla ya kila safari alipiga simu ofisi ya hali ya hewa, akaandika kwenye karatasi moja nani atazama na nani, kina gani, dakika ngapi, hospitali gani iko karibu, na nakala moja ikabaki kwenye mlango wa friji nyumbani, ikiwa na namba ya waokoaji na saa ambayo mkewe aombe msaada asiposikia simu. Msemo wa ajali haina kinga hakuupenda kabisa, alisema ni kauli ya mtu ambaye hakukagua vifaa vyake, na wiki hii mdogo wake ameambiwa msemo huo na watu wengi wenye nia njema, akajibu ahsante.

Kwenye boti ya klabu, pembeni ya usukani, marehemu alipigilia ubao wa bluu wenye misumari kumi na miwili, akampa kila mpiga mbizi kibao cha plastiki chenye namba, chake kikiwa namba moja. Ukishuka majini unakitoa kibao chako msumarini na kukitia kwenye kopo lililo chini ya ubao, ukipanda unakitoa na kukitundika kwa mkono wako mwenyewe, si kwa mkono wa mume, si wa rafiki, na boti haiondoki mpaka misumari yote ijae. Msumari mtupu ni mtu majini, alirudia maneno hayo mpaka watu wakawa wanayamalizia kwa pamoja, wakicheka. Mlinzi wa ubao, tangu mwaka 2014, alikuwa mdogo wake, ambaye hapigi mbizi kwa sababu ya masikio.

Hapa ndipo ukurasa wa kwanza unapoishia. Ukurasa wa pili mlio nao unasema kwamba Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, nahodha wa boti aliondoka bila kuhesabu watu, na maneno hayo yaliandikwa na mkono huu huu, nayo ni uongo.

Ukweli ni kwamba saa saba na dakika kumi mchana wapiga mbizi kumi na mmoja walikuwa wamepanda, vibao vyao viko juu, na marehemu, ambaye sikuzote alitoka wa mwisho, alikuwa ameshika ngazi, barakoa ya kuzamia iko juu ya paji la uso, anapumua hewa ya juu. Mdogo wake akamwona, akaona na ule msumari mmoja mtupu, watu wana njaa, kaka ameshafika, akachukua kibao namba moja koponi akakitundika, wema mdogo tu, kama alivyozoea kumtundikia koti tangu utotoni, kisha akageuka kwenda kumimina chai. Marehemu hakuona. Aliona kamba ya nanga imekwama kwenye jiwe, na hapo, kwa kuwa hakuwa malaika, alivunja sheria yake ya kuzama wawili wawili, akarudi chini peke yake kuinasua, akiwa na imani kwamba msumari wake ni mtupu na hakuna boti itakayoondoka.

Nahodha aliutazama ubao, akaona umejaa, na bado hakuridhika, akauliza, "Wote wametimia?" na mdogo wake marehemu, birika la chai liko mkononi, akajibu, "Wametimia, twende." Nanga ilivutwa ikatoka kiulaini, na wote tulishangaa bahati hiyo, kumbe ni mikono yake iliyokuwa imeinasua muda huo huo. Sauti ya injini aliisikia, lakini hakukurupuka, alisimama mita tano kutoka juu dakika zake tatu, ili mwili utoe gesi ya kina, kama alivyowafundisha wapiga mbizi wote, na alipotokeza, boti ilikuwa imekwishakwenda.

Kikombe chake ndicho kilichotushtua, maana kilikuwa na mvuke na hakikuwa na wa kukinywa. Tuliporudi mkondo ulikuwa umemchukua, na ilipofika saa tisa na nusu mkewe akapiga namba iliyokuwa kwenye friji, akasoma karatasi neno kwa neno, na kwa karatasi hiyo waokoaji walimpata saa kumi na moja na dakika hamsini, amelala chali, amekumbatia boya la rangi ya machungwa, maji yameingia kwenye mapafu.

Alilazwa siku tisa, na oksijeni iliyomsaidia kupumua siku nne za mwanzo ilitoka kwenye mitungi yenye sahihi yake. Siku ya nne alipata sauti, akasimulia yaliyompata chini, kisha akamtazama mdogo wake na kumuuliza polepole, "Nani alikitundika?" na mdogo wake akajibu, "Sijui, kaka." Marehemu alijua, ubao ulikuwa na mlinzi mmoja tu, lakini hakuuliza tena, alisema, "Mwite nahodha." Hakuitwa. Alikuja mwenyewe mara mbili, na mara zote mbili aliyemzuia mlangoni, kwa kusema familia haitaki kumwona, ni huyu anayesoma. Tarehe 15 Machi kamati ya klabu ikamvua nahodha kazi yake, mdogo wake marehemu akiwa amekaa kwenye kikao hicho, ameinamisha kichwa, na watu wakadhani ni majonzi.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, miezi saba na siku kumi na mbili. Mdogo wake alikuwa kwenye kiti pembeni ya kitanda, amejiandaa kusema asubuhi hiyo, na asubuhi ilipofika hapakuwa na wa kuambiwa. Mama, shemeji, na ninyi wanangu wawili mnaoniita baba mdogo, mmelisikia hapa mbele za watu kwa sababu nyumbani nilishindwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, waokoaji, majirani waliolala nasi siku zote hizi, mafundi wenzake wa hospitali, na wanachama wa klabu, ambao wanaombwa waupigilie upya ubao ule, uliong'olewa botini baada ya siku ile, na watafute mlinzi mwingine. Na familia inamwomba nahodha, aliyeketi mstari wa nyuma kabisa karibu na mlango, aje mbele, akae kiti cha pili kutoka kwa mjane, kiti hicho kina nafasi, ni cha msomaji, naye hatarudi kukikalia.

Kaka, kibao chako nimekishusha, msumari wako ni mtupu, na sasa hakuna atakayeugusa. Pumzika kwa amani.