Nusu ya Picha ya Kristina

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Marietha Nathanaeli wa Mgori, aliyetutoka Jumatatu akiwa na miaka themanini na saba. Familia imetuomba tuseme yote, mazuri na yale mengine. Tutasema yote.

Marietha alikuwa mkulima wa uwele na mtama. Mwaka 1965 mwalimu mmoja mgeni alifika kwake na kamera yenye macho mawili. Akampiga picha Kristina, binti yake wa kwanza, wa miaka minne, amekaa mbele ya nyumba yao ya tembe na kibuyu mapajani. Mwalimu alipohama aliwaachia picha hiyo kwenye kadi, pamoja na miwani ya mbao yenye mpini. Kadi moja, picha mbili zinazofanana, kushoto na kulia. Ukizitazama kwa miwani ile, kwa macho yote mawili, zinaungana. Mtoto anajitokeza mbele ya ukuta, unataka kumshika magoti.

Miaka miwili baadaye surua ilimchukua Kristina. Akazikwa nyuma ya tembe. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji. Tembe likabomolewa, familia ikahamishiwa kando ya barabara, kaburi likabaki porini. Marietha aliacha mtungi wa nafaka. Miwani na kadi alivifunga kifuani kwa kanga.

Siku hizohizo mama mkwe wake, Damari, alikwenda kuishi Unyambwa kwa mwanawe mwingine. Antipasi, mume wa Marietha, alimhurumia mama yake, maana alikuwa anaondoka bila kumbukumbu ya mjukuu. Akaitazama kadi. Picha mbili, tena zilezile. Akachukua mkasi.

"Umefanya nini, Baba Kristina?"

"Nimegawa. Zilikuwa mbili."

"Hata macho yako ni mawili! Si ungeng'oa moja ukampelekea mama yako?"

Lakini nusu ilikuwa imekwishakwenda. Iliyobaki ukiiweka kwenye miwani unaona karatasi tu. Kaburi liko mbali, na sasa mtoto amelala bapa. Marietha alivumilia mwaka mzima. Kwa desturi ya kwao, mke hamdai mama mkwe kitu. Alilijua hilo. Akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vumbi lote hilo! Umekuja kunizika?"

"Nimeifuata picha, mama."

Wasikilizaji, Damari alikuwa anaona kwa jicho moja. Jingine lilikwisha kwa trakoma. Marietha akaziweka nusu mbili kwenye miwani, akamkabidhi bibi mpini ajionee mwenyewe.

"Anajitokeza, mama?"

"Amekaa tu, kama siku zote. Kwangu ni yuleyule. Sasa unaninyang'anya kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemzaa."

 Bibi akamrudishia miwani, na nusu yake ikiwa humohumo. "Haya, chukua. Kila asubuhi huwa namsalimia. Kesho nitasalimia ukuta."

Marietha akachukua. Alipofika nyumbani akakaa mlangoni kwenye mwanga, akatazama vizuri. Kibuyu kilijitokeza. Magoti yakajitokeza. Uso ukakataa. Mwaka mzima bibi alikuwa akimpapasa mjukuu wake kwa vidole vyenye samli, na uso kwenye nusu yake ulikuwa umefutika. Ukitazama kwa macho mawili, unachezacheza kama kitu kilicho nyuma ya moshi.

Binti yake Redempta ametuambia hivi: "Mama alijua palepale kwamba nusu ile haimfai tena yeye, inamfaa bibi tu. Akasema ataipeleka baada ya palizi. Halafu baada ya mavuno. Kazi ilikuwa kisingizio. Alikuwa anaona aibu."

Damari alifariki kabla ya mavuno. Alifariki bila picha.

Wiki mbili zilizopita Redempta alimuuliza mama yake kama kuna jambo linamsumbua. Marietha akajibu, "Ningeirudisha wiki ileile. Miguu nilikuwa nayo."

Redempta, wajukuu, na ndugu wote wa Mgori na Unyambwa, poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, angalieni ndani ya nyumba zenu. Kama kuna kitu ulichukua kwa haki yako, na aliyekuwa nacho alikihitaji kuliko wewe, usingoje palizi. Kama bado yu hai, mpelekee leo.