Utepe wa Tamasha

Jumatatu asubuhi, fundi cherehani alipanda basi na mkasi wake mkobani, akaketi nyuma ya wanawake wawili wasiojuana, ila walizungumza kama majirani waliozoea kuombana chumvi. Mmoja alikuwa muuguzi kijana, macho mazito kwa usingizi. Mwenziwe alikuwa mpishi wa shule.

“Mama, siku tatu za tamasha zimeniharibu,” muuguzi alisema. “Jana nimefungua bomba nioshe vyombo, maji yakapiga ngoma. Nikasimama nasikiliza mpaka sinki likafurika.”

“Pole, mwanangu. Na huo utepe waliokufunga getini bado uko mkononi?”

“Wodi ya watoto njiti hata pete hatuingii nayo. Sista akiuona, ananirudisha nyumbani. Lakini nikiukata, ndiyo basi tena.”

“Si limekwisha tangu juzi? Kata!”

“Kwako, mama. Kwangu bado wanapiga.”

Mpishi akaguna. Fundi, ambaye hakuulizwa na mtu, alijikuta ameshatoa mkasi. Mkono wa muuguzi ukapita juu ya kiti taratibu, kama wa mtu aliye ndotoni. Makali yakaingia kati ya utepe na ngozi.

“Hospitali!” dereva aliita. Basi likasimama, mlango ukafunguka.

“Shangazi, ngoja,” muuguzi alimnong’oneza fundi, macho kayafumba. “Huu wimbo uishe kwanza.”

“Wimbo gani? Shuka, utachelewa!” mpishi alifoka.

Fundi alitaka kumuunga mkono mpishi. Ila mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, ulikuwa tayari unakwenda na ngoma.