Kwa Nini Nilizika Mapichi

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, hata wewe ambaye hukufurahi kuniona nikisimama kutoa ushuhuda. Sitataja mtu kwa jina. Anayejijua anajijua, na akitaka kutoka, mlango uko wazi.

Wakati ule wa hali ya hatari, watu walipoingia msituni kupigana na wazungu, mume wangu alichukuliwa na lori la askari, tukabaki mimi na watoto shambani kwa mzungu. Mke wa mtu aliye kizuizini anashukiwa hata akipika uji. Ukienda mtoni mapema, unapelekea watu wa msituni chakula. Ukichelewa kurudi, ulikuwa ukiongea nao. Na mimi nikawa hivyo hivyo. Jirani akinisalimu, nilijiuliza ametumwa na nani. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, tusifukuzwe pale, kwa sababu mume wangu akirudi hangejua kwingine kwa kututafuta.

Nyuma ya nyumba nilikuwa na miti michache ya mapichi. Kila msimu ilikuwa funza tu. Pichi limeiva vizuri nje, ukilivunja, ndani kunatambaa. Lakini niliona kitu. Miti iliyokuwa ndani ya boma la nguruwe wa mzungu ilizaa matunda safi. Nikatazama sana, mnajua mimi natazama. Nguruwe walikuwa wanakula kila tunda lililoanguka, na funza wake, hata hakubaki funza wa kuingia udongoni na kutoka akiwa nzi. Sasa mimi nguruwe ningetoa wapi? Nikasema basi, nguruwe nitakuwa mimi. Chekeni, hata mimi nilicheka.

Kila asubuhi niliokota mapichi yaliyoanguka, nikachimba shimo refu, nikayamwaga humo, nikatia majivu, nikafukia na kukanyaga mpaka udongo ukashikana. Msimu uliofuata tulikula mapichi safi, na majirani wakala safi kwenye miti yao bila kujua kwa nini.

Lakini fikirini wenyewe. Mwanamke ambaye mume wake yuko kizuizini anachimba mapema, anafukia, halafu anakanyaga! Mtu akanisema. Mpaka leo simjui. Huenda ameketi hapa, ameshika kitabu cha nyimbo.

Nyapara wa shamba la mzungu akaja na walinzi wake.

"Wewe mama, umeficha nini hapa?"

"Mapichi, mzee."

"Mapichi yamekosa nini hata yazikwe?"

"Yana funza."

"Watu wana njaa, wewe unazika chakula? Unamwekea nani?"

Walifukua mashimo yote. Walipata uozo na harufu, wakachimba tena chini yake, wakakuta udongo mgumu. Mngedhani wangeniachilia. Nyapara alisema mtu anayejua kuficha namna hiyo ni hatari sana, na lori la kupeleka watu rizavu, ile ardhi tuliyotengewa Waafrika, likija, mimi nitakuwa wa kwanza kupanda. Akachukua jembe langu. Nikamwambia, "Mzee, nifukuze, lakini fukia hayo mashimo." Hapo ndipo alishuku zaidi, akakataza mtu yeyote asiyaguse.

Nilifunga vitu vyetu kwenye gunia, nikaketi kungojea lori. Nililia, ndugu zangu. Nilikuwa na hasira hata kuomba sikuweza.

Lori lilichelewa, nzi hawakuchelewa. Walitoka kwenye yale mashimo wakati mapichi ya wengine yalikuwa yanaiva, na mti wa nyapara ndio ulikuwa karibu zaidi. Siku moja mke wake alikuja na kikapu mpaka mahali wanaume walikuwa wamesimama, akavunja pichi mbele ya mume wake, na lingine, na lingine, yote funza. Akamwambia, "Mama huyu alipokuwa anazika, tulikula. Wewe umefukua, haya, kula."

Hakuna aliyecheka. Nyapara aliangalia kile kikapu, akaniangalia mimi. Msamaha hakuomba. Alituma jembe langu lirudishwe, na kesho yake kila nyumba iliamriwa kuokota na kuzika. Lori lilikuja, likaenda bila sisi.

Yule mama namshukuru, na anajua ni yeye. Nilikuwa nimemshuku kuliko wote, kwa sababu tu ya nyumba alikoolewa. Nawashukuru pia walionisaidia kufukia, ingawa wengine najua walikuja kuhakikisha sifichi kitu.

Funzo langu ni hili, dada yangu na kaka yangu: ukimshuku mtu, kaa uangalie kazi yake mpaka msimu uishe, ndipo useme.

Na Mungu alinijibu. Asubuhi moja nilikuwa kwenye shimo, nimeinama, nikasikia mwanamume nyuma yangu akiuliza, "Mama watoto, unaficha nini hapo?"

Nilishika jembe kwa nguvu kabla ya kugeuka. Ni huyu hapa, ameketi mbele yenu. Alikuja moja kwa moja, kwa sababu nyumba ilikuwa palepale alipoiacha.